Dharura Isiyokwisha: Kipande, Hali ya Hatari na Urithi wa Udhibiti wa Raia nchini Kenya

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna serikali zilizotawala Kenya, ya kikoloni na zilizofuata uhuru, zilivyotumia nyakati za hatari kuhalalisha usajili, ufuatiliaji na udhibiti wa raia. Hoja kuu ni kwamba dharura huwa na tangazo la kuanza na tangazo la kumalizika, ilhali nyenzo zake hudumu. Nyenzo hizo huendelea kuishi kwa njia tatu: huingizwa katika sheria za kawaida, huhamishwa kutoka jamii moja hadi nyingine, na hukingwa dhidi ya mahakama na dhidi ya kumbukumbu. Njia hizo zinafuatiliwa kuanzia kipande cha kikoloni, Hali ya Hatari ya 1952–1960 na vita vya kaskazini, hadi sheria za usalama za 2014 na usajili wa kidijitali. Makala yanapendekeza kwamba kila sheria ya dharura ipimwe pia kwa namna itakavyoondoka hatari ikiisha.

Maneno muhimu: dharura, kipande, ufuatiliaji wa raia, usalama wa taifa, sheria ya kinga, Kenya

1.0 Utangulizi

Tarehe 12 Januari 1960 serikali ya kikoloni ilitangaza kwamba Hali ya Hatari, iliyodumu nchini Kenya tangu Oktoba 1952, ilikuwa imekwisha. Kwa waliokuwa bado wanasubiri jamaa zao kurudi kutoka kambini, tangazo hilo lilikuwa faraja. Hata hivyo, mwaka huohuo ilitungwa Sheria ya Kulinda Usalama wa Umma, iliyompa gavana uwezo wa kurejesha sehemu kubwa ya mamlaka yaleyale bila kulazimika kutangaza Hali ya Hatari kamili. Mlango mmoja ulifungwa, na wa pili ukaachwa bila komeo.

Ukatili wa miaka hiyo umeandikwa kwa kina. Tafiti za David Anderson na Caroline Elkins, zote zilizochapishwa mwaka 2005, zimeonyesha jinsi mahakama na kambi za kizuizini zilivyotumika dhidi ya wafuasi wa Mau Mau na maelfu waliodhaniwa kuwa wafuasi. Swali linaloulizwa hapa ni jingine: baada ya risasi kunyamaza na kambi kufungwa, ni nini kilichobaki? Swali hili lina uzito katika ukanda wa Afrika Mashariki leo, ambako kila shambulio, uchaguzi wenye vurugu au ugonjwa wa mlipuko huleta hoja mpya ya kuwasajili, kuwasikiliza na kuwafuatilia raia.

Ni muhimu kusema mapema kwamba makala hayadai kuwa hatari zenyewe zilikuwa za kubuni. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, huko Lari, watu zaidi ya 70 waliuawa, wengi wao wakiwa wanawake na watoto, na wengine wengi wakauawa katika kisasi kilichofuata. Miaka 60 baadaye, Septemba 2013, watu 67 waliuawa na magaidi katika jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi. Na Aprili 2015 watu 148 wakauawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Hofu ya raia ilikuwa ya kweli, na ukweli wa hofu hiyo ndio ulioipa serikali nafasi ya kuomba mamlaka ambayo nyakati za kawaida yasingetolewa.

2.0 Kabla ya Dharura: Kipande na Nidhamu ya Kazi

Udhibiti uliokuja kushamiri miaka ya 1950 haukuanzia porini Aberdare. Mizizi yake imo katika Sheria ya Usajili wa Wenyeji ya mwaka 1915, ambayo utekelezaji wake ulicheleweshwa na Vita Kuu ya Kwanza na kuanza kwa nguvu vilipomalizika. Sheria hiyo ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi kubeba kipande: karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, jina la mwajiri wake, mshahara aliolipwa na tarehe alizoanza na kuacha kazi. Karatasi hiyo ilitiwa katika kikasha cha chuma kilichoning'inizwa shingoni, na waliolazimishwa kukivaa walikilinganisha na kengele ya mbuzi.

Hoja iliyotolewa wakati huo ilikuwa ya uchumi. Walowezi walilalamikia uhaba wa vibarua na utoro kazini, na serikali ikakubali kwamba hali hiyo ni tatizo la nchi nzima. Mfanyakazi aliyeondoka bila mwajiri wake kutia saini aliweza kusakwa kwa rejista, kukamatwa na kurudishwa. Malalamiko kuhusu kipande, pamoja na kodi na kupunguzwa kwa mishahara, ndiyo yaliyomwinua Harry Thuku na chama cha East African Association. Thuku alipokamatwa Machi 1922, umati uliokusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi ulifyatuliwa risasi na watu wengi wakapoteza maisha.

Mwaka 1947 sheria mpya ya usajili ilitungwa ili kuwahusu watu wa rangi zote. Walowezi wengi waliipinga vikali, wakisema kuchukuliwa alama za vidole ni fedheha inayowastahili wahalifu. Upinzani huo ulilazimisha kuundwa kwa tume ya uchunguzi chini ya Bertrand Glancy, iliyotoa ripoti yake mwaka 1950. Kisa hiki kina funzo. Kwa takriban miaka 30 chombo kilekile kilikuwa kimeitwa utaratibu mwema kilipokuwa shingoni mwa Mwafrika. Kilianza kuonekana dhuluma pale kilipomkaribia yule aliyekuwa na sauti katika Baraza la Kutunga Sheria.

3.0 Hali ya Hatari, 1952–1960: Taifa Chini ya Uchujaji

Chifu Waruhiu aliuawa tarehe 7 Oktoba 1952. Wiki mbili baadaye, tarehe 20 Oktoba, Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari, na usiku huohuo Jomo Kenyatta na viongozi wengine wakakamatwa. Lililoanza kama msako dhidi ya viongozi liligeuka haraka kuwa udhibiti wa jamii nzima za Wakikuyu, Waembu na Wameru.

Hatua tatu zinaonyesha mgeuko huo. Ya kwanza ni Operesheni Anvil, iliyoanza Nairobi tarehe 24 Aprili 1954. Askari wapatao 25,000 waliuzingira mji, wakaupekua mtaa kwa mtaa, na zaidi ya watu 20,000 wakapelekwa kizuizini katika kambi za Langata, Mackinnon Road na Manyani. Msako huo ulitegemea karatasi kadiri ulivyotegemea bunduki: aliyekuwa na karatasi zisizoridhisha alitengwa, na kabila lililoandikwa humo lilitosha kumfanya mshukiwa.

Ya pili ni uchujaji. Washukiwa walipitishwa mbele ya watu waliofunikwa gunia kichwani, lenye matundu ya macho tu, ambao kwa kutikisa kichwa waliamua nani aende kambini na nani arudi nyumbani. Mshukiwa hakumjua anayemshtaki wala hakuwa na nafasi ya kumjibu. Walioshikiliwa waligawanywa katika makundi ya "weupe", "kijivu" na "weusi" kulingana na utii waliodhaniwa kuwa nao, na kusogezwa kutoka kambi moja hadi nyingine kadiri walivyokiri. Mwisho wa mfumo huo ulionekana Hola tarehe 3 Machi 1959, pale mahabusu 11 walipopigwa hadi kufa kwa kukataa kazi ya kulazimishwa.

Ya tatu, na iliyogusa watu wengi zaidi, ni vijiji vya lazima. Kuanzia katikati ya 1954, zaidi ya watu milioni moja waliondolewa katika maboma yao yaliyotawanyika na kukusanywa katika vijiji zaidi ya 800, vingi vikiwa na handaki, ua wa miti iliyochongwa na ngome ya homugadi. Saa za kutoka kwenda shambani zilipangwa, na saa za kurudi pia. Wanawake, ambao kipande cha awali hakikuwahusu, sasa walihesabiwa asubuhi na jioni. Serikali ilieleza kwamba vijiji viliwalinda raia dhidi ya wapiganaji. Lakini vilevile vilirahisisha kuunganishwa kwa vipande vya ardhi chini ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, wakati ambapo wengi wa waliokuwa na hoja ya kupinga mipaka mipya walikuwa kizuizini.

Juu ya haya kuliongezwa cheti cha uaminifu. Awali kilikuwa ruhusa ya kusafiri na kufanya biashara. Ilipofika Machi 1957, Waafrika walipopiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa kuwa na cheti hicho kabla ya kuandikishwa kupiga kura. Chombo cha kuwatenga wapiganaji na raia kilikuwa kimekuwa chombo cha kuamua nani ahesabiwe kuwa raia katika siasa. Hakuna tangazo jipya lililohitajika; karatasi ilikuwapo tayari, na matumizi mapya yaliifuata.

4.0 Dharura Yahamia Kaskazini

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Kabla ya mwezi huo kwisha, serikali mpya ilitangaza hali ya hatari katika eneo la kaskazini-mashariki, ambako sehemu kubwa ya Wasomali walitaka kujiunga na Somalia, kama tume iliyokusanya maoni yao mwaka 1962 ilivyothibitisha. Mapigano yaliyofuata yalipewa jina la vita vya shifta, neno lenye maana ya jambazi, na jina hilo peke yake liliwafanya wakazi wote wa eneo hilo washukiwe.

Eneo hilo lilikuwa limeshazoea mipaka ya ndani. Tangu miaka ya mwanzo ya ukoloni lilikuwa wilaya iliyofungwa, isiyoingiwa wala kutokwa bila pasi. Serikali ya uhuru iliurithi utaratibu huo na kuuongezea nyenzo zilizokuwa zimejaribiwa Mkoa wa Kati. Kuanzia 1966 wafugaji walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa, wakazuiwa kuhama na mifugo yao. Kwa mkulima, kufungiwa kijijini kulimaanisha kuchelewa shambani. Kwa mfugaji wa ngamia kulimaanisha kufa kwa kundi lote. Inasikitisha kwamba waliotia saini amri hizo ni viongozi ambao baadhi yao walikuwa wametoka kizuizini miaka michache tu kabla.

Makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967, yaliyosimamiwa na Rais Kenneth Kaunda wa Zambia, yalimaliza vita. Mamlaka ya dharura, hata hivyo, yalibaki katika katiba hadi Novemba 1991: miaka 24 baada ya amani kupatikana. Ndani ya kipindi hicho ndipo yalipotokea mauaji ya Wagalla, wilayani Wajir, Februari 1984, ambapo wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege na kushikiliwa chini ya jua kali. Serikali ilitaja vifo 57. Jamii zilizoathirika zinataja mamia na hata maelfu. Novemba 1989 Wakenya wote wenye asili ya Kisomali walitakiwa kujitokeza kuchunguzwa uraia wao, na waliokubaliwa wakapewa kadi ya ziada, ya rangi ya waridi, ambayo raia mwingine yeyote hakuhitaji. Kipande kilikuwa kimerudi, kwa jamii moja.

Katika maeneo mengine ya nchi, Sheria ya Kulinda Usalama wa Umma ya 1960 ilipata kazi mpya. Marekebisho ya 1966 yaliiruhusu serikali kuwaweka watu kizuizini bila kuwafungulia mashtaka, na waliotangulia kuonja makali yake walikuwa wafuasi wa chama cha KPU. Oginga Odinga mwenyewe alizuiliwa 1969, na mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o mwishoni mwa 1977. Mamlaka hayo yaliondolewa na mageuzi ya 1997. Sheria iliyotungwa kuzika dharura ya wakoloni ilikuwa imedumu miaka 37 mikononi mwa watawala waliokuja.

5.0 Kinga na Ukimya: Kumbukumbu za Upande Mmoja

Nyenzo za dharura zisingedumu bila kulindwa dhidi ya kuulizwa. Ulinzi huo ulitolewa kwa namna mbili. Ya kwanza ilikuwa ya wazi: Sheria ya Kinga ya 1970 iliwazuia raia kuishtaki serikali au watumishi wake kwa matendo yaliyofanywa kaskazini-mashariki na wilaya jirani kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967. Mjane aliyempoteza mumewe na mfugaji aliyenyang'anywa ngamia walikuta mlango wa mahakama umefungwa kwa kifungu cha sheria.

Ya pili ilikuwa ya siri. Uingereza ilipokuwa ikijiandaa kuondoka, maofisa wake walichoma sehemu ya majalada na kusafirisha mengine kwao. Kuwapo kwa majalada hayo huko Hanslope Park kulikiriwa hadharani mwaka 2011 tu, wazee waliokuwa kizuizini walipofungua kesi London. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa walalamikaji 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Hapa kuna kinaya kinachofaa kuzingatiwa na kila mtafiti wa taasisi za usalama: utawala uliotaka kujua kila mkulima amelala wapi na amekula kiapo gani ulitumia nusu karne kuficha maandishi kuhusu matendo yake wenyewe. Rejista ilimwangalia raia. Raia hakuruhusiwa kuiangalia rejista.

6.0 Kutoka Karatasi hadi Tarakimu

Katiba ya Kenya ya 2010 iliandikwa na watu walioijua historia hii. Ibara ya 58 inaweka ukomo wa siku 14 kwa hali ya hatari. Kuiongeza kunahitaji kura za theluthi mbili ya wabunge wote, na kila nyongeza inayofuata, isiyozidi miezi miwili, kura za robo tatu. Ibara hiyohiyo inakataza kutoa kinga kwa serikali au mtu yeyote kwa vitendo haramu vya wakati wa dharura, kifungu kinachosomeka kama jibu la moja kwa moja kwa sheria ya 1970. Ibara ya 31 inalinda faragha.

Pamoja na ubora wake, ulinzi huo una pengo: unaanza kufanya kazi pale tu dharura inapotangazwa. Baada ya Westgate serikali haikutangaza hali ya hatari. Aprili 2014 maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa mtaani Eastleigh katika Operesheni Usalama Watch, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani ili kuchunguzwa vitambulisho. Desemba mwaka huohuo Bunge lilipitisha, katikati ya vurugu ukumbini, Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Usalama. Februari 2015 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vinane, kikiwemo kilichoweka kikomo cha wakimbizi 150,000 nchini. Lakini iliacha kifungu kinachoruhusu vyombo vya usalama kunasa mawasiliano ili kuzuia ugaidi, kwa kuridhika kwamba kizuizi hicho cha faragha kilikuwa na sababu ya kutosha.

Hali ilijirudia mwaka 2020. Amri ya kutotoka nje usiku kwa sababu ya ugonjwa wa korona ilitolewa Machi chini ya Sheria ya Utulivu wa Umma, iliyotungwa na wakoloni mwaka 1950. Mahakama Kuu iliiona amri yenyewe kuwa halali, ingawa ililaani nguvu zilizotumiwa na polisi. Amri hiyo iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, Siku ya Mashujaa, ambayo ni kumbukumbu ya usiku ule wa 1952.

Sambamba na hayo, usajili ulihamia katika kompyuta. Mpango wa Huduma Namba uliletwa kwa hoja ya huduma bora na usalama. Januari 2020 Mahakama Kuu iliuruhusu kwa masharti na kukataza ukusanyaji wa vinasaba na mahali raia anapoishi kwa setilaiti. Oktoba 2021 ikaamua kwamba utoaji wa kadi ulikiuka Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Miongoni mwa waliofika mahakamani walikuwa Wanubi wa Kenya, jamii ambayo kwa miongo mingi vijana wake walilazimika kupita mbele ya kamati za uhakiki kabla ya kupata kitambulisho. Walijua kwamba rejista mpya inayojengwa juu ya rejista ya zamani hubeba ndani yake ubaguzi wa ile ya kwanza.

Mwelekeo huu si wa Kenya pekee. Nchini Uganda mswada wa kunasa mawasiliano ulikuwa umekaa bungeni tangu 2007. Ulipitishwa siku chache baada ya mabomu ya Kampala ya tarehe 11 Julai 2010. Nchini Tanzania, Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoundwa 1991, iliitaja Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya 1962 miongoni mwa sheria 40 zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa. Mfano wa Uganda unastahili kutazamwa kwa makini, kwani unaonyesha kwamba mara nyingi janga halizai wazo la udhibiti. Wazo huwa limeandikwa na kuwekwa kabatini, janga hulitoa.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonyesha kwamba kosa kubwa la sera halikuwa kuchukua hatua wakati wa hatari. Kosa lilikuwa kutounda utaratibu wa kuzirudisha nyuma hatua hizo. Kipande cha kazi kilikuwa msingi wa msako wa 1954. Vijiji vya Mkoa wa Kati vilikuwa kielelezo cha vijiji vya kaskazini. Sheria ya 1960 ilikuwa kizuizi cha wapinzani wa 1966. Kila kizazi cha watawala kilikikuta chombo mezani, na hakuna aliyekiacha bila kukitumia.

Makala yanapendekeza mambo manne kwa watunga sera wa ukanda huu. Kwanza, kila kifungu kinachoongeza uwezo wa kufuatilia raia kiwe na tarehe ya kufa, hata kikiwa ndani ya sheria ya kawaida, na kisifufuliwe bila ripoti ya hadharani inayoeleza kilitumika mara ngapi na dhidi ya nani. Pili, taarifa zilizokusanywa kwa lengo moja zisitumike kwa jingine bila sheria mpya, na zifutwe lengo likitimia. Tatu, marufuku ya kinga iliyomo katika Ibara ya 58 ienezwe hadi kwenye operesheni za usalama zinazofanywa bila tangazo la dharura. Nne, majalada ya vyombo vya usalama yahifadhiwe kama kumbukumbu za umma na yafunguliwe kwa muda uliowekwa, ili wajukuu wa waliochunguzwa waweze nao kuchunguza.

Wahenga walisema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Mkoloni ameondoka na majalada yake mengi. Sheria zilizobaki, na zile zinazotungwa sasa, ni za mabunge ya wananchi wenyewe. Wanaoziandika leo hawawezi kujua nani atakayezishika kesho, na hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kuziwekea mwisho tangu mwanzo.